UZI: Ugonjwa wa fizi unaofuata ukoo: kinachorithiwa ni nini hasa?

Meku wa Kibosho (mtoa mada)

Wakuu, salaam. Naleta hapa jambo ambalo katika familia yetu limesemwa miaka mingi kwenye vikao vya Krismasi bila mtu yeyote kulichunguza. Marehemu baba alivaa meno ya bandia kabla hajastaafu, shangazi yetu mkubwa vivyo hivyo, na sasa mdogo wangu anayenifuata, mwenye miaka 38, asiyevuta sigara na anayepiga mswaki asubuhi na usiku bila kukosa, ameambiwa na daktari wa kinywa na meno hapa Moshi kwamba mfupa unaoshikilia magego yake ya chini umeliwa karibu nusu.

Mimi niliyemsindikiza nilipimwa siku hiyo hiyo. Nina miaka 41, na sina bidii ya mswaki kama yeye. Daktari alinikuta na ugaga mwingi na fizi zinazotoka damu zikiguswa, lakini picha ya eksirei ilionyesha kwamba mfupa wangu uko pale unapotakiwa kuwa. Tumekula chungu kimoja na kunywa maji ya mfereji mmoja tangu utoto. Iweje mchafu apone na msafi augue?

Ndugu yetu aliyeko Marekani anatushauri tutume mate yakapimwe jeni, kwa maelezo kwamba kipimo kitaonyesha ni nani katika ukoo atakayepoteza meno. Gharama yake kwa watu watatu si ndogo. Naomba wenye elimu wanieleze kama ugonjwa huu unarithiwa kweli, na kama unarithiwa, kipimo hicho kitatusaidia kuamua nini. Nina watoto wadogo, na mdogo wetu wa mwisho, kitinda mimba wa baba, yuko kidato cha tano.

Babu wa Usa River

Mwanangu, usitafute mbali, hayo ni mambo ya damu. Sisi huku chini ya Meru ukoo mzima tuna meno ya rangi ya kahawia, kuanzia marehemu babu yangu hadi wajukuu, na kijana wetu akitabasamu tu stendi ya Dar es Salaam anaulizwa kama ametoka Arusha. Ikiwa rangi ya meno inashuka kizazi hadi kizazi namna hiyo, sembuse fizi? Ukoo ukishakuwa na jambo lake, mswaki ni kujichosha.

Mwalimu wa Baiolojia, Ngaramtoni

Shikamoo mzee wangu. Naomba kutofautiana nawe kwa heshima, kwa sababu mfano ulioutoa ndio mfano mzuri kuliko yote wa jambo linalofuata ukoo bila kurithiwa.

Rangi ya kahawia kwenye meno ya watu wa Arumeru, Hai na vijiji vingi vinavyozunguka milima hii miwili, Meru na Kilimanjaro, inatokana na floridi, madini yaliyomo kwenye maji. Maji yanayopita katika miamba ya volkano ya Meru huibeba kwa wingi, mara nyingi kupita miligramu 1.5 kwa lita, ambacho ndicho kiwango kilichopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Ndiyo maana kituo cha utafiti wa kuondoa floridi kwenye maji kiliwekwa Ngurdoto, ambako maji yanachujwa kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Magadi tunayotia kwenye makande na kiburu nayo huongeza floridi juu ya ile ya maji. Madhara hutokea wakati jino bado linajengwa ndani ya fizi ya mtoto, kwa hiyo mtu aliyehamia Usa River akiwa mtu mzima hawezi kupata madoa hayo hata akinywa maji ya Maji ya Chai hadi uzeeni.

Mzee, ukitaka kuhakikisha, mtazame mjukuu wako yeyote aliyezaliwa na kukulia mbali na huku, mahali penye maji ya kawaida. Damu ni ile ile, babu ni yule yule, na meno yake ni meupe. Watoto hurithi jeni za wazazi wao, lakini hurithi pia kisima, jiko, kipato na mazoea ya nyumba. Anayetaka kusema kwamba ugonjwa fulani ni wa jeni anapaswa kwanza kuonyesha jinsi alivyovitenganisha vitu hivyo. Kuhusu fizi zenyewe namwachia mwenye fani.

Daktari wa Fizi (Moshi)

Namshukuru mwalimu kwa kusafisha njia. Nitaeleza kwa urefu kidogo kwa sababu swali la mtoa mada linastahili, ingawa sitamtibu mtu yeyote kupitia hapa.

Tuanze na namna ugonjwa unavyokwenda. Ukoga ni utando laini wa bakteria unaojijenga juu ya jino kila siku, na ukiachwa hufyonza madini ya mate ukawa mgumu, huo ndio ugaga. Mwaka 1965 watafiti wa Aarhus, Denmark, waliwaomba watu 12 wenye fizi nzuri waache kabisa kusafisha meno, na ndani ya siku 10 hadi 21 wote walikuwa na fizi nyekundu, zilizovimba. Waliporudia mswaki, fizi zao zikarudi kuwa za kawaida. Hatua hiyo ya kwanza, yaani fizi kuvimba na kutoka damu, humpata karibu kila binadamu anayeacha ukoga ujilundike, na haihitaji jeni maalumu.

Hatua ya pili ndiyo inayong'oa meno. Uvimbe unashuka chini kando ya mzizi, nyuzi zinazoshikilia jino zinakatika, mfuko unajitengeneza kati ya fizi na jino, na mfupa wa taya unaanza kurudi nyuma. Jambo ambalo wagonjwa wangu wengi hushangaa kulisikia ni kwamba bakteria hawali mfupa. Sehemu kubwa ya uharibifu hufanywa na kinga yetu wenyewe, kwa kemikali na vimeng'enya ambavyo chembe nyeupe za damu hutoa zikipambana, kama askari wanaobomoa nyumba ya watu ili wamtoe mwizi aliyejificha ndani. Mtu ambaye kinga yake hujibu kwa kiasi ataishi na ugaga wake miaka mingi akitoka damu tu. Mwingine ambaye kinga yake hujibu kwa nguvu kupita kiasi, au hujibu na kushindwa kunyamaza, atapoteza mfupa kwa ukoga mdogo. Hapo ndipo jeni zinapoingia.

Ushahidi ninaoupenda kuliko wote unatoka mashamba ya chai ya Sri Lanka. Kuanzia mwaka 1970, kwa miaka 15, Harald Löe na wenzake waliwafuatilia wafanyakazi wanaume 480 ambao hawakuwa wakipiga mswaki na hawakuwa na huduma yoyote ya meno. Wote walikuwa na ukoga, ugaga na fizi zilizovimba. Wangekuwa sawa katika ugonjwa, basi ukoga peke yake ungetosha kuueleza. Lakini asilimia 8 waliharibikiwa kwa kasi, asilimia 81 kwa mwendo wa wastani, na asilimia 11 hawakuvuka hatua ya fizi kuvimba. Mazingira yale yale, kazi ile ile, na vinywa vilivyofanana kwa uchafu, vikawa na mwisho wa aina tatu. Utafiti ule haukupima jeni, na tofauti kati ya watu wale ingeweza kuwa na sababu nyingine pia, lakini baada yake haikuwezekana tena kwa mtu makini kusema kwamba kila anayepoteza meno kwa fizi ni mvivu wa mswaki. Mtoa mada, wewe na mdogo wako mnafanana sana na makundi mawili ya Sri Lanka, isipokuwa mmeishi nyumba moja.

Sasa tutenganishe damu na jiko, kama mwalimu alivyotaka. Njia ya kawaida ni kutumia pacha. Pacha wanaofanana wana jeni zile zile, na wasiofanana wanachangia wastani wa nusu, kama ndugu wengine wowote, huku aina zote mbili zikilelewa pamoja. Mwaka 2000 Bryan Michalowicz na wenzake nchini Marekani walichapisha matokeo ya jozi 117 za pacha watu wazima, 64 wanaofanana na 53 wasiofanana. Karibu nusu ya tofauti katika ugonjwa wa hatua ya pili ilielezwa na urithi, hata baada ya kuzingatia sigara na usafi. Kwa hatua ya kwanza, ile ya fizi kuvimba tu, urithi ulitoweka mara tabia zilipozingatiwa.

Babu wa Usa River

Daktari, nimekuelewa kuhusu maji, na mwalimu nimemsikia. Lakini umesema nusu. Basi nusu ya meno yangu imeondoka na damu na nusu imeondoka na uzembe?

Daktari wa Fizi (Moshi)

Hapana mzee, na nashukuru umeuliza, kwa sababu hata wanafunzi wa udaktari hujikwaa hapo. Nusu hiyo haigawi ugonjwa wa mtu mmoja. Inaeleza kwa nini watu wa kundi fulani wanatofautiana wao kwa wao, katika mazingira waliyokuwamo wakati huo. Lichukue kundi lile lile, nusu yao uwape sigara pakiti kwa siku, na sehemu ya urithi itashuka bila jeni hata moja kubadilika, kwa kuwa tofauti kubwa sasa itatokana na sigara. Katika kundi ambalo wote wana ukoga sawa, kama lile la mashamba ya chai, sehemu ya urithi inaweza kuonekana kubwa zaidi. Namba hiyo haina maana juu ya kinywa chako wewe.

Tena imeshuka jinsi tafiti zilivyoongezeka. Mapitio makubwa yaliyochapishwa mwaka 2019 yalikusanya tafiti zilizopo yakapata kiasi cha urithi cha karibu asilimia 38 katika tafiti za pacha, asilimia 15 katika tafiti nyingine za familia, na asilimia 7 tu pale mtu alipojaribu kujumlisha jeni zenyewe zilizosomwa moja kwa moja. Pengo hilo kati ya 38 na 7 ndilo linalopaswa kumzuia mtoa mada asifungue pochi. Nadhani kuna mwenzetu wa maabara humu.

Nasra wa Maabara (Arusha)

Nipo, Daktari. Niseme kuhusu hicho kipimo cha mate.

Historia yake inaanzia mwaka 1997, pale Kenneth Kornman na wenzake walipochapisha makala iliyohusisha ugonjwa mkali wa fizi na tofauti mbili katika jeni za intaleukini-1, zilizoko kwenye kromosomu ya 2. Intaleukini-1 ni moja ya kemikali ambazo kinga hutumia kuamsha uvimbe na kuchochea mfupa uliwe, kwa hiyo wazo lilikuwa la busara kabisa. Uhusiano huo ulionekana kwa watu wasiovuta sigara, na kwa wavutaji sigara haukuonekana, kwa kuwa sigara ilifunika kila kitu. Muda mfupi baadaye kipimo kikawa bidhaa ya kuuzwa kwenye kliniki za meno.

Kisha tafiti zikaanza kugongana. Mwaka 2000, kwa mfano, watu wenye asili ya Kichina walipopimwa, mchanganyiko huo wa jeni ulipatikana kwa asilimia 2.3 tu, wakati kwa watu wenye asili ya Ulaya uko kwa karibu theluthi moja. Wachina wanaugua fizi kama watu wengine. Kama kipimo kinawakosa karibu wote katika taifa kubwa namna ile, kitamwambia nini mtu wa Kibosho?

Baadaye watafiti waliacha kubahatisha jeni moja moja wakaanza kusoma jenomu nzima, yaani jeni zote za mtu kwa pamoja. Mwaka 2010 kundi lililowapima Wajerumani na Waholanzi lilipata jeni iitwayo GLT6D1 kwa vijana wenye ugonjwa mkali. Mwaka 2017 zikaongezeka SIGLEC5, inayohusika na kutuliza chembe nyeupe, na eneo la DEFA1A3, lenye jeni za protini ndogo zinazoua bakteria. Kuna pia eneo la kromosomu ya 9 liitwalo ANRIL, ambalo lilikwisha kujulikana kwa ugonjwa wa mishipa ya moyo kabla ya kuonekana kwenye fizi, na kwangu mimi hilo ndilo la kusisimua zaidi, kwa sababu linaashiria kwamba magonjwa haya mawili yanachangia njia fulani ya uvimbe mwilini. Lakini kila moja ya jeni hizo inaongeza hatari kwa kiasi kidogo. Wengi wanaozibeba hawataugua, na wengi wanaougua hawazibebi. Isitoshe, sehemu kubwa ya watu waliopimwa katika tafiti hizo ni wenye asili ya Ulaya.

Mjasiriamali wa Njiro

Dada Nasra, mnawakatisha watu tamaa. Ninayo mawasiliano na wakala anayeleta vifaa hivyo. Majibu yanakuja kwa rangi tatu, nyekundu, njano na kijani, na mtu wa kawaida anaelewa mara moja. Kujua ni bora kuliko kutojua.

Nasra wa Maabara (Arusha)

Kaka, nakuuliza swali moja la kibiashara. Mteja wako akipata nyekundu utamwambia apige mswaki vizuri, asafishe katikati ya meno, aache sigara na apimwe fizi kila mwaka. Akipata kijani utamwambia aache lipi kati ya hayo? Kipimo ambacho majibu yake yote yanaishia kwenye ushauri ule ule hakijastahili fedha ya mtu. Mwenye kijani ndiye ninayemwogopea zaidi, kwa sababu atarudi nyumbani akiamini amepona ugonjwa ambao hajawahi kupimwa.

Nirudi kwa mtoa mada, maana kuna jeni moja ambayo ingefaa kuangaliwa, nayo si ya binadamu. Bakteria aitwaye Aggregatibacter actinomycetemcomitans ana aina moja, JP2, iliyopoteza kipande cha herufi 530 za DNA mbele ya jeni ya sumu yake, na kwa sababu hiyo huzalisha kwa wingi sumu inayoua chembe nyeupe za damu. Utafiti uliofanywa kwa vijana wa Morocco na kuchapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba waliobeba JP2 walikuwa na hatari ya kupoteza nyuzi za meno mara 18 kuliko wasiokuwa na bakteria huyo kabisa. Hakuna jeni ya kawaida ya binadamu inayokaribia uzito huo kwenye ugonjwa huu. Bakteria hawa hupita kwa mate kati ya watu wa nyumba moja, hasa mzazi na mtoto. Kwa hiyo hata pale kijana anapougua kama alivyougua mama yake, huenda alichopokea ni mate yake, si kromosomu yake.

Kijana wa Unga Limited

Wakuu, haya mambo ni ya Wazungu na Waarabu. Sisi Waafrika fizi zetu ni imara kwa asili. Babu zetu walitumia mswaki wa mti tu na wakafa na meno yao yote.

Daktari wa Fizi (Moshi)

Kijana, umegusa kitu chenye ukweli ndani yake, lakini umekivika nguo isiyo yake. Mwaka 1986 Vibeke Baelum na wenzake walichapisha uchunguzi wa watu wazima wa Tanzania, na mwaka 1988 mwingine wa Machakos, Kenya, watu 1,131 wa miaka 15 hadi 65. Vinywa vilikuwa na ukoga na ugaga tele, na wataalamu wa wakati huo walitegemea kukuta watu wasio na meno. Hawakukuta hivyo. Wengi walikuwa na meno yao karibu yote, mifuko mirefu ilikuwa michache, na uharibifu mkubwa ulikuwa umelundikana kwa watu wachache ndani ya kila umri.

Hiyo ni picha ile ile ya Sri Lanka, na haisemi kwamba Mwafrika ana fizi za chuma. Inasema kwamba katika kila jamii wako wachache wanaobeba mzigo mkubwa, na kazi yetu ni kuwatambua mapema. Wengine wanaugua na hawajui, kwa kuwa ugonjwa huu hauumi. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2022 ilikadiria kwamba karibu asilimia 19 ya watu wazima duniani wana ugonjwa mkali wa fizi, na Afrika imo.

Mswaki wa mti siupingi. Ukitafunwa vizuri ncha ikawa na nyuzi na mtu akasugua pole pole mpaka nyuma ya magego, unafanya kazi. Wengi husugua meno ya mbele wakienda shambani, wakaishia hapo.

Sista wa Ngarenaro

Mimi ni muuguzi wa kliniki ya kisukari, naomba nichangie dogo. Kabla watu hawajatafuta jeni, wapime sukari. Kisukari kinafuata ukoo kuliko fizi zinavyofuata, na mtu ambaye sukari yake haijadhibitiwa huharibikiwa fizi kwa kasi, kiasi kwamba nje anaonekana ni mtu wa ukoo wenye meno mabovu kumbe ni ukoo wenye sukari. Uhusiano huo unakwenda pande zote mbili: mgonjwa wa kisukari akitibiwa fizi vizuri, wastani wa sukari yake ya miezi mitatu hushuka kwa karibu nukta nne za asilimia moja. Si nyingi, ila wapo wanaoongezewa kidonge kwa ajili ya tofauti ndogo kama hiyo. Na wanaotumia ugoro au sigara wasidanganyike kwamba fizi zao hazitoki damu. Sigara hubana mishipa midogo, damu haitoki, na mfupa unaendelea kuliwa kimya kimya.

Mama Ebeneza, Himo

Samahani kwa kuingia na jambo tofauti kidogo. Mtoto wa jirani yangu ana miaka minne na meno yake ya utotoni yameanza kulegea na kutoka moja moja, fizi zimevimba sana, na viganja vyake na nyayo ni ngumu, zimepasuka kama za mtu mzima wa shamba. Wanasema amerogwa. Wazazi wake ni watoto wa ndugu. Je, haya mnayosema yanamhusu?

Daktari wa Fizi (Moshi)

Mama, yanamhusu kuliko wote humu, na nakuomba uwaambie wazazi wamlete hospitali ya rufaa bila kungoja. Siwezi kusema ana nini bila kumwona. Lakini meno ya utotoni hayapaswi kutoka akiwa na miaka minne, na yakitoka pamoja na ngozi ya namna hiyo ya viganja na nyayo, daktari anatakiwa kufikiria hali adimu iitwayo Papillon-Lefèvre, iliyoelezwa mara ya kwanza mwaka 1924.

Hapa kweli jeni moja inatosha kuleta ugonjwa. Inaitwa CTSC, iko kwenye kromosomu ya 11, na ilitambuliwa kuwa chanzo mwaka 1999. Kazi yake ni kutengeneza kimeng'enya ambacho chembe nyeupe hukihitaji ili silaha zao zifanye kazi. Mtoto huugua akipokea nakala mbovu kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama, ambao wao wenyewe wako salama, na ndiyo maana huonekana zaidi pale wazazi wanapokuwa na undugu wa damu. Hupatikana kwa mtu mmoja hadi wanne katika milioni. Bila matibabu, meno ya utotoni hutoka, na ya ukubwani yakiota hufuata njia ile ile. Yakishughulikiwa mapema, baadhi ya meno ya ukubwani yanaweza kuokolewa.

Ziko hali nyingine za jeni moja, kama ile ambayo chembe nyeupe hushindwa kutoka kwenye mshipa kwenda palipo na bakteria, na mtoto huwa na maambukizi mengi ya mwili pamoja na fizi. Zote ni adimu. Huyo mtoto hajarogwa, na mama yake hana hatia.

Meku wa Kibosho (mtoa mada)

Nawashukuru wote kwa dhati. Nimemwandikia ndugu yetu wa Marekani kwamba fedha ya kipimo tutaipeleka kwenye matibabu. Nina mawili ya mwisho. Kwanza, huyu wa kidato cha tano tumfanyie nini, ikiwa hana dalili yoyote? Pili, mdogo wangu alikwenda duka la dawa akauziwa metronidazo na amoksilini baada ya kueleza tatizo, na anasema fizi zimetulia. Aendelee nazo?

Daktari wa Fizi (Moshi)

Asiendelee. Dawa hizo mbili tunazitumia kwa baadhi ya wagonjwa, hasa vijana wenye ugonjwa wa kasi, lakini zinatolewa pamoja na kusafishwa kwa mizizi chini ya fizi. Ukoga uliogandamana kwenye mzizi ni utando ambao dawa ya kumeza haiupenyi vizuri. Akimeza bila kukwanguliwa, fizi hutulia wiki chache, ugaga unabaki ulipo, na bakteria waliosalia wanazidi kuzoea dawa.

Nimepiga hesabu ya mdogo wako kwa namba ulizotoa. Katika utaratibu wa kimataifa unaotumika tangu mwaka 2018, ugonjwa huu wa kupoteza mfupa hupangwa kwa hatua, ya kwanza hadi ya nne (si zile mbili nilizoeleza mwanzo), zinazoonyesha ukubwa wa uharibifu, na kwa madaraja A, B na C yanayoonyesha kasi yake. Kasi hukadiriwa kwa kuchukua asilimia ya mfupa uliopotea kwenye jino lililoathirika zaidi na kuigawa kwa umri. Karibu asilimia 50 kwa miaka 38 inazidi moja, na ikizidi moja ni daraja C, yaani kasi kubwa. Wewe huingii daraja lolote, kwa kuwa mfupa wako haujapungua. Sikuhitaji mate ya mtu yeyote kulijua hilo. Mfupa wenyewe umekwisha kuandika jinsi jeni, bakteria na mazoea yalivyofanya kazi pamoja kwa miaka 38, na eksirei inausoma kwa gharama ndogo.

Kuhusu kitinda mimba, historia ya baba, shangazi na kaka inatosha kumweka kwenye kundi la kuangaliwa mapema, na ugonjwa wa kasi kwa vijana mara nyingi huanzia kwenye magego ya kwanza na meno ya mbele. Likizo ijayo mpelekeni kwa daktari wa kinywa na meno, mkaombe apimwe mifuko ya fizi. Watu wengi hutazamwa kwa kioo na tochi tu, wakaambiwa wako salama. Kipimo chenyewe hufanywa kwa kijiti chembamba cha chuma chenye alama za milimita, kinachoshushwa taratibu kati ya fizi na jino sehemu sita kuzunguka kila jino. Milimita moja hadi tatu ni kawaida. Nne na kuendelea, pamoja na damu, inahitaji kufuatiliwa. Zoezi zima halizidi nusu saa, na namba ziandikwe kwenye karatasi yake ili mwakani zilinganishwe.

Watoto wako wadogo wafundishwe kusafisha katikati ya meno wakifikia umri wa kuweza kushika uzi wenyewe. Na wewe mwenyewe, pamoja na mfupa wako mzima, njoo ukwanguliwe huo ugaga.

Meku wa Kibosho (mtoa mada)

Nitakuja naye, Daktari. Picha zake za eksirei ziko kwenye simu, za sasa na moja ya zamani alipong'olewa gego la mwisho. Je, ya zamani ina faida yoyote?

Daktari wa Fizi (Moshi)

Ina faida kubwa. Ile hesabu ya umri ni makadirio tu kwa asiye na picha ya awali. Mwenye picha mbili zilizopishana miaka kadhaa tunapima kasi yake moja kwa moja, kwa milimita. Kama hospitali iliyopiga ile ya zamani bado inayo kwenye kompyuta, waombe wakupe faili lenyewe kwenye diski, kwa sababu picha ya eksirei iliyopigwa tena kwa simu hupotosha vipimo.